Alinirudishia Risasi mu Mukono

Eti nilikuwa nimelewa? Weye njo ulinimiminia? Cheka tu. Siku ile sikugusa hata chupa, na haikukuwa usiku vile munapendaka kusema. Ilikuwa saa nane ya muchana, jua kali, kwaya ya kanisa ya jirani iko inarudilia wimbo moja mpaka kichwa inataka kupasuka. Sasa niache niseme, usinikate tena.

Minye niko fundi wa makufuli na mashini za kushona, hapa Kasenga. Hakuna muntu alinifundisha. Nilifungua mashini ya mama, nikaiharibu, nikapigwa, kisha nikaitengeneza. Kitu moja nilijifunza peke yangu: kufuli hauitiliake mafuta. Mafuta inakamata vumbi, vumbi inakuwa matope, kazi imekufa. Unatia grafite, ule unga mweusi, mukavu. Ila inachafua sana! Ukiigusa asubuhi, mpaka magaribi kila kitu unashika inabakia na vidole vyako: kikombe, shati, shavu ya mutoto wa dada.

Kashindi tulisoma naye tangu mwaka ya kwanza. Usimuite rafiki yangu, alikuwa ndugu. Muntu akimusema vibaya mbele yangu, tunapigana, mpaka leo. Vile alipanda mulimani na vijana wenye bunduki nilimutukana siku mbili muzima, lakini ndugu ni ndugu. Bunduki yake ilikuwa nzee kutushinda sisi wawili, na vumbi ya bonde ya Ruzizi ilikuwa inaikwamisha. Akaniletea risasi zake mu kitambaa. "Fundi, unipakalie ule unga yako." Muntu mwingine ningemufukuza na nyundo. Yeye nilikaa chini, nikazisugua moja moja mpaka zikawa nyeusi zote, zinateleza kama samaki.

Sasa masharti yake! Aka, yalinichosha. Kule juu walimupa dawa ya vita, eti risasi ya adui itageuka maji. Na dawa iko na miiko: usimuguse, usimupe kitu mukono kwa mukono. Unaweka chini, unarudi nyuma, yeye anaokota. Chai, chini. Chumvi, chini. Mama yangu, mwenye alimulisha tangu akiwa mudogo juu mama yake alikufa mapema, alimuwekea sahani ya ugali mu udongo, kisha akaingia mu chumba. Nilimusikia analia. Unaniuliza juu ya nini niliwaka? Niliwaka juu ya ile.

Nilikuwa nimefunga risasi mu kipande ya kitenge ya mama, ile ya manjano.

"Weka chini," akasema.

"Siweki."

"Ndugu yangu, usicheze na maisha yangu."

"Maisha gani? Minye niko na ukoma? Minye niko mbwa?"

Nikamurukia, nikamukamata mukono, nikamufungua vidole kwa nguvu, nikamusukumia kile kifurushi ndani, nikafunga vidole juu yake. "Shika kama muntu!"

Hakunipiga. Afazali angenipiga. Aliangalia tu weusi yenye nilimuachia ku ngozi, akaisugua ku suruali, haikutoka. Akaenda.

Juma moja ikapita. Sasa njo ile saa nane. Niko nainamia mashini, giza ikaingia ku mulango, nainua macho: Kashindi. Muzima. Na kabla niseme hata karibu, akaninyooshea mukono! Yeye! Nikafurahi kama mujinga. Nikasema, nimemushinda, ameacha upuuzi.

"Umeanza kusalimia watu sasa?"

"Dawa hainikatazi tena," akasema.

Akaniwekea kile kifurushi mu kiganja, akanifunga vidole juu yake, pole pole. Musianze na ile hadithi yenu ya mukono ya baridi. Haikukuwa baridi, haikukuwa moto. Ilikuwa kama unashika mukono yako mwenyewe wakati umeulalia, imekufa ganzi.

"Sikupiga hata moja," akasema. "Na mama, usimuambie ile ulifanya. Atakuchukia."

Nikageuka kumuvutia kiti. Kugeuka tena, mulango iko wazi, jua imejaa.

Sikuogopa, niamini. Nilisema ana haraka, atarudi kula. Nikakimbia nyumbani: "Mama, pika! Kashindi ameanza kushika mukono!" Mama akapiga kigelegele. Akatoa samaki ya mikeke ya kukaanga, akaweka sahani ku meza, ku meza kabisa. Tukangoja.

Mwenye alikuja ni mujomba wake, kutoka Sange, kofia mu mukono. Kashindi alipigwa risasi siku mbili kabla ya ile, pembeni ya barabara, chini ya kwapa. Walimuzika siku ile ile. "Alikuwa na kifurushi kidogo mu mufuko," mujomba akasema, "ya kitenge ya manjano. Hakuna muntu alitaka kuigusa. Tukamuzika nayo."

Na ile kifurushi ilikuwa ku meza yangu ya kazi, pale niliiacha. Na fundo yangu. Haijafunguliwa.

Nilienda kuitupa mu ziwa, mbali. Pasta aliniombea mara tatu. Lakini kuja uone kiganja yangu: kule vidole vyake vilipita, vine na gumba, grafite haishikake tena. Nasugua, nasugua, mukono muzima inakuwa nyeusi, pale panabakia safi. Wateja wanauliza. Nadanganya ni moto ilinichoma. Na mama hajui mpaka leo. Anasema Mungu alimupenda Kashindi, na minye nakula tu.

Muntu akiwa na mwiko wake, hata ukiona ni ujinga, hata akutukane mama, umuachie. Weka chini, urudi nyuma.

Ao weye mwenye kucheka, uniambie basi: ni risasi njo ilimuua Kashindi, ao ni minye?