Oxygen sensor nilinunua mara mbili, na gari nusura iende Butembo kwa bei ya bure

Wakuu, heshima zenu. Gari ni yangu, pesa iliyotoka ni yangu, na machozi pia yalikuwa yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi kwenye hii habari. Ingawa chumvi ndiyo kazi yangu, kama mtakavyoona.

Kiswahili changu ni cha huku Kasese, Uganda, kimechanganyika na cha Wakongo wa Bwera. Msinisahihishe ngeli. Kama kuna kitu cha kusahihisha, nisahihisheni kwenye umeme wa gari.

Mimi nanunua chumvi Katwe, kwa kina mama wenye vidimbwi vyao pale ziwani. Napakia kwenye wagon yangu ya petroli, natokea Kikorongo, napita Kinyamaseke na Kisinga mpaka Mpondwe, lile soko la mpakani hapo Bwera. Wakongo wananunua, wanavuka nayo.

Kabla ya hii gari nilikuwa nabembeleza malori ya watu. Dereva akiamka na kuamua leo anabeba saruji ya Hima, basi chumvi yako inalala Katwe na siku ya soko inakupita. Aliyewahi kuharibikiwa na biashara kwa sababu dereva wa mtu kabadilisha mawazo ataelewa kwa nini hii gari naipenda vile. Mume wangu anasema naipenda kuliko yeye. Sijawahi kumjibu.

Huyo mume wangu ni mwalimu wa primary hapa Kasese, na sote tunamwita Mwalimu, hata mimi. Mtamkuta tena huko chini.

Sasa tuingie kwenye maumivu.

Siku moja natoka Mpondwe, taa ya check engine ikawaka. Gari ikaanza kunywa petroli kama inalipwa kwa kunywa. Vilima vya Kisinga inapanda kwa kusita, nyuma moshi mweusi, hadi wa bodaboda wananipita huku wamefunika pua.

Nikaenda kwa Thembo, makanika wangu, ana karakana njia ya Kilembe. Niseme mapema ili asitukanwe kwenye comments: Thembo si mwizi. Alichomeka mashine ya diagnosis, ikasoma oxygen sensor, zote mbili, ya mbele na ya nyuma.

Kwa wasiojua, oxygen sensor ni pua za gari. Zinakaa kwenye bomba la eksozi, zinanusa moshi, zinaiambia kompyuta iongeze petroli au ipunguze. Pua ikifa, kompyuta inabahatisha, na ikibahatisha inakumiminia petroli tu.

Thembo akanitafutia za mtumba, laki moja na nusu ya Uganda kila moja. Akalala chini ya gari, akakata waya za zamani, akaunga mpya, akazungusha tepu nyeusi. Akakuta na fyuzi moja imeungua, akaweka nyingine. Hiyo fyuzi muishike kichwani, tutaifikia.

Taa ikazima. Nikalipa nikiwa nacheka.

Zile za zamani nilirudi nazo nyumbani. Hiyo ni sheria yangu, kifaa nilichokilipia kutolewa hakibaki karakana, hata kama kimekufa. Kina kopo lake la rangi chini ya kitanda. Mwalimu analiita makaburi.

Haikupita muda, natoka soko la Mpondwe, taa hiyo hapo. Moshi huo hapo.

Thembo akakuna kichwa. "Mama Musoki, mtumba ni bahati nasibu. Tuagize mpya kabisa Kampala."

Mpya kabisa, wakuu, ni laki nne moja. Mbili, laki nane. Hapo hujamlipa fundi na hujalipa basi lililoleta. Kwa hizo hela mimi najaza gari chumvi na bado nanunua mafuta ya kurudi. Nilizitoa roho ikiuma. Thembo akakata, akaunga, akaweka fyuzi nyingine, taa ikazima. Na zile za mtumba nazo zikaenda kwenye kopo.

Nikasema sasa imekwisha.

Haikwisha. Soko lililofuata, kabla sijafika Kisinga, taa ikawaka mara ya tatu. Nilipaki pembeni nikazima gari, nikakaa tu natazama usukani.

Jioni Mwalimu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Mama Musoki, hii gari inatula. Uza."

Na mnunuzi alikuwepo tayari. Pale Mpondwe kuna mfanyabiashara Mkongo wa Butembo, tumwite Papa Kasereka, anauza makayabo, yale masamaki ya chumvi ambayo Wakongo hawawezi kuishi bila hayo. Duka lake linatazama ninapopaki. Kila soko anakuja kuchungulia dashboard yangu, na kila taa ikiwaka bei yake inashuka.

"Mama, hii gari yako iko mugonjwa," ananiambia kwa upole kama padri. "Moteri inakufa pole pole. Unipatie mimi. Kule kwetu hakuna mutu ataangalia mwanga."

Bei aliyofikia mwisho ilikuwa ya matusi. Nikampigia simu nikakubali. Nikamwambia soko lijalo naileta, aje na pesa. Halafu nililia, sifichi. Nilikuwa nawaza vile nitarudi kusimama barabarani kubembeleza dereva wa lori.

Siku moja kabla ya soko nikaamua kuiosha. Gari ya chumvi inanuka, na sikutaka Wakongo waseme mama wa Kasese kauza gari chafu.

Hapa niwaeleze kitu ambacho sisi wote wa njia ya Katwe tunakifanya. Chumvi ikikauka inapungua uzito. Kwa hiyo tunaipakia ikiwa bado inachuruzika maji, tunakimbia nayo soko likaione nzito. Unatandika turubai, lakini maji ya chumvi hayajui turubai. Yanashuka taratibu, yanalala chini ya kapeti, na wewe unaimba zako.

Nikang'oa kapeti yote. Chini yake, karibu na kiti cha abiria, nikakuta soketi ya waya iliyoota ukoko, mweupe na kijani, kama kingo za vidimbwi vya Katwe wakati wa jua.

Nikagusa ukoko, nikaweka kidole ulimini.

Msinicheke. Mama wa chumvi hapimi kwa macho. Ilikuwa chumvi ya Katwe, ile inayouma kidogo mwisho. Nikafuata ule waya kwa mkono, unapenya sakafu, unashuka chini kwenye eksozi. Unaenda kwenye pua ya nyuma.

Nikakaa kwenye mlango wa gari nikaanza kujihoji. Hii taa iliwahi kuwaka nikienda kanisani? Hapana. Nikienda Karusandara kuchukua mahindi? Hata mara moja. Inawaka siku ya Mpondwe tu, siku ambayo chumvi imechuruzika ndani.

Nikampigia Thembo. "Njoo na vifaa vyako. Na uje na pole yangu."

Alikuja na pikipiki, akaivuta ile soketi, pini zikamong'onyoka mkononi. Kisha akanieleza kwa Kiswahili chepesi: maji ya chumvi yakilowesha hapa, umeme unaruka njia, fyuzi inaungua. Na hiyo fyuzi ndiyo inayopitisha umeme wa kupasha moto sensor zote mbili. Ikiungua, kompyuta inasoma pua zote zimekufa. Yeye alikuwa akiweka sensor mpya na fyuzi mpya siku moja, soketi ikiwa imeshakauka, taa inazima, na sifa zote zinaenda kwa sensor. Na kwa sababu mafundi wetu wote wanakata na kuunga kule chini badala ya kung'oa kapeti na kuchomoa kwenye soketi yake, hakuna aliyewahi kuiona.

"Kwa hiyo zile za kwanza kabisa," nikamuuliza, "hazikuwa na shida?"

Akakwepa macho yangu. "Sasa tungejuaje, na..."

Hakumaliza, mimi nilikuwa nishaingia ndani. Nilitoka na kopo la Mwalimu la makaburi.

Thembo akatoa zile mpya za Kampala, akaunga zile za zamani, za tangu gari inatoka Japani, tuone kama kweli ni nzima. Akaweka soketi nzima ya kutoka gari iliyokufa, akaipandisha juu na kuifunga vizuri maji yasiifikie. Fyuzi mpya. Akachomeka mashine. Hakuna code hata moja.

Gharama ya siku hiyo ilikuwa elfu ishirini. Ya ufundi alikataa kupokea, na mimi sikumlazimisha sana.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa chumvi. Siku ya soko nikaenda Katwe asubuhi, nikapakia ile inayolia maji kabisa, nikajaza kuliko siku zote. Kina mama wakaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikawaambia leo ndiyo nitajua.

Kikorongo, taa hakuna. Kinyamaseke, hakuna. Nikafika vilima vya Kisinga, pale pale ilipokuwa inanidhalilisha, nikakanyaga mafuta, gari ikapanda yote bila kusita. Nilipiga kigelegele peke yangu ndani ya gari. Jamaa mmoja wa bodaboda niliyempita aligeuka mzima kunitazama. Furaha ile sijui niiseme vipi. Ilikuwa kama nimeinunua gari upya, safari hii bila kulipa.

Mpondwe nikamkuta Papa Kasereka amesimama mlangoni, pesa kwenye mfuko wa plastiki. Akachungulia dashboard. Akaniambia nizime, niwashe tena. Nikazima, nikawasha.

"Mwanga iko wapi?"

"Imepona, Papa. Siuzi tena."

Nilidhani atakasirika. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya duka kwenye van yake anayobebea makayabo. Akawasha. Check engine hiyo, inang'aa.

"Mekanisye wa Butembo anasema kapteri ya oksijeni," akasema kwa sauti ndogo; kwao kapteri ndiyo sensor. "Mbili. Zitoke Kampala. Ndiyo sababu nilitaka gari yako, hii yangu ikinifia nisikose ya kubeba samaki."

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia. Kisha nikamwambia, "Papa Kasereka, toa kapeti."

Akaing'oa mwenyewe. Soketi ilikuwa pale pale, kijani kibichi, na harufu ya samaki juu yake. Hiyo sikuonja.

Akanipa makayabo zima nirudi nalo nyumbani. Mwalimu alilila lote kimya kimya, akasema tu lina chumvi kidogo.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mashine ikisoma oxygen sensor, imekuambia pua hainusi, haijakuambia pua imekufa. Anza na fyuzi, fuata waya mpaka mwisho wake, ng'oa kapeti hata kama fundi ananuna. Na kifaa chako cha zamani rudi nacho nyumbani. Siku hizi chumvi yangu naiacha ichuje Katwe kwanza. Inafika nyepesi, lakini inafika.

Wale mnaobeba samaki, maziwa, au chochote kinachomwaga maji ndani ya gari, nendeni mkachungulie chini ya kapeti, kisha mje hapa mtuambie mmekuta nini. Na mafundi wa umeme, kama Thembo kanidanganya mahali, semeni, nitampelekea majibu yenu.

Zile sensor mpya za laki nane bado ziko kwenye kopo chini ya kitanda. Juzi Mwalimu kaniambia niziuze. Nimemwambia kwenye hii nyumba mambo ya kuuza vitu vya gari tulishayamaliza.