Adui wa Jeshi la Fundi Meno

Mtaa mzima humwita Fundi Meno, kwa sababu anatengeneza meno ya bandia, na ukimwona mzee anacheka hadharani bila kuziba mdomo, ujue kapitia kwake. Lakini kazi iliyomtoa jasho maishani imo kwenye kabati la sebuleni: jeshi la Wagiriki wa kale, askari wa bati wasiozidi kidole gumba, kila mmoja na ngao na mkuki wake. Wana mpaka nyusi! Kazichonga kwa vifaa vile vile vya kuchongea magego. Watu wenye subira wapo, ila huyu ni kiboko yao.

Jeshi la namna hiyo si pambo. Linachezwa mezani na watu wawili, kila mtu na kikosi chake, kwa dadu na futi ya kupimia mwendo. Kwa miaka mingi shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa anakuja kila Jumamosi na jeshi lake la Waajemi, maadui wa Wagiriki tangu kale, wanapigana na kubishana mpaka chai inapoa. Halafu shemeji akahamishwa kikazi, akaondoka na Waajemi wake wote. Wagiriki wakabaki hawana adui.

Si kwamba watu hawakujitolea. Kinyozi ana wapanda farasi waliovaa chuma gubigubi. Mfamasia ana askari wa mizinga na bunduki. Fundi Meno aliwashukuru wote kwa adabu zake zote, akakataa.

"Hawa na Wagiriki wangu hawakuwahi kukutana," alisema. "Nitawagombanishaje watu wasiojuana?"

"Si mchezo tu, jamani?" kinyozi akamcheka.

"Ni mchezo. Ndiyo maana sitaki kuuharibu."

Mkewe anapiga pasi kwenye duka la dobi, kwa hiyo ni Bi Pasi kwa kila mtu, na katika hili alisimama upande wa mumewe. Lakini roho ilimuuma. Jumamosi zilimkuta mzee wake kakaa kwenye kiti, anafuta miwani ambayo haina vumbi, ukimuuliza anasema yuko salama. Kisha siku moja akamsikia anaongea kwa simu na mwalimu wa historia: Jumamosi aje achukue sanduku, askari wakawekwe kwenye kabati la vioo la shule. Bi Pasi moyo ukampasuka paa! Alijua wazi kwamba sanduku lile likitoka, yule mume aliyekuwa anapiga kelele na kucheka hadi majirani wanasikia atakuwa ametoka nalo.

Basi akaanza kutafuta adui. Kila aliyeleta shati alihojiwa. Hatimaye mpima ardhi mmoja, huku akisubiri suruali yake, akasema yeye ana Wamisri wa kale. Bi Pasi nusura aunguze suruali ya watu. Wagiriki si walifika Misri na kupigana huko? Mumewe alishasema hivyo mwenyewe! Hakuuliza zaidi, akamwalika nyumbani jioni ile ile.

Mpima ardhi akaja, akafunua boksi lake. Magari ya kukokotwa na farasi, magurudumu ya dhahabu, mishale, kila kitu. Fundi Meno akainua gari moja kwenye mwanga, akalitazama kwa mapenzi kabisa, kisha akalirudisha taratibu.

"Mikono yako haina mfano, ndugu yangu. Lakini hawa wamezikwa karne nane kabla Wagiriki wangu hawajazaliwa."

Mpima ardhi alicheka, akanywa chai, akaaga. Bi Pasi alitamani ardhi immeze.

Jumamosi asubuhi akamkuta mumewe anawafunga askari kwenye pamba, mmoja mmoja. Akavuta kiti kwa hasira.

"Hebu niambie, baba. Hawa watu wako walikuwa wanagombana na nani hasa?"

"Wao kwa wao," akajibu bila kuinua kichwa. "Mji huu na mji wa jirani. Mashamba, chemchemi, mipaka. Waajemi walikuja mara chache tu."

"Wao kwa wao?"

"Mno."

"Na mimi nimezunguka kote huko kuwatafutia adui, wakati wanaye nyumbani kwao?"

Mikono ya Fundi Meno ikasimama. Jambo lenyewe alilijua tangu ujana, lakini wote aliwachonga yeye, wote kwake walikuwa watoto wa mji mmoja, na wazo la kuwagawa halikumjia kamwe.

"Nusu nyingine nani ataishika?" akauliza.

"Kwani mimi hii mikono ni ya kupigia pasi tu?"

Wakagawana. Fundi Meno, muungwana, akamweleza desturi ya Wagiriki: kila mji huweka mashujaa wake kulia, ndiko kwenye heshima. Bi Pasi akaitazama safu ya mumewe. Kisha akawabeba mashujaa wake, akawarundika kushoto, uso kwa uso na mashujaa wa mumewe.

"Mama, hapo si mahali pao. Heshima iko kulia."

"Heshima kaa nayo. Mimi nataka kushinda."

Fundi Meno akacheka. Hakucheka kwa muda mrefu. Dadu zikarushwa, mashujaa wake wakalala kifudifudi, na waliobaki wakatimua mbio. Fundi Meno akasimama, kashika kichwa.

"Jemadari wa mji wa Thebe aliwapiga Wagiriki wenzake hivi hivi, Ugiriki nzima ikabaki mdomo wazi! Nani kakufundisha?"

"Anifundishe nani? Wakubwa wako wakianguka, wadogo watabaki kufanya nini?"

Ndipo kelele zikaanza. Mara dadu ilianguka vibaya, mara futi ilivutwa, apime tena, na Bi Pasi naye hakubali, anajibu kwa sauti ile ile huku machozi ya furaha yakimtoka bila aibu. Katikati ya vurugu hizo mwalimu akabisha hodi. Fundi Meno akafungua, jasho likimtiririka.

"Mwalimu, utanisamehe, jeshi haliendi popote. Huyu mama kanivunjia safu mchana kweupe, na mimi sijamrudishia!"