Sura Aliyoivuta Jirani

Juzi mnadani Nyakahura nilikikuta kitabu kile katikati ya viatu vya mtumba, nikakinunua bila hata kuomba kupunguziwa. Ni kitabu kinachoeleza ubongo na akili, cha wastani tu, ndugu yangu, nisikudanganye. Ukurasa huu ubongo ni ofisi, ukurasa ule ni shamba. Mwandishi hana msimamo. Lakini sura yake ya ndoto ni tamu mno.

Mara ya kwanza nilipewa na mwalimu wetu, mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Binamu zangu wote walipelekwa kijiji kingine. Bibi alikuwa na maharage yake ya kupepeta, hakutaka habari za ubongo. Basi nilisoma nikichunga ndama, jioni nikaenda kwa mwalimu, tukabishana huku akinichomea mahindi. Yeye alisema kitabu kimejaa porojo. Mimi nilikitetea mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, akaniongezea hindi.

Kasoro ilikuwa moja: kurasa za mwisho hazikuwepo. Jirani yetu, Msukuma mcheshi aliyehamia kutoka Shinyanga, alikuwa amezichana akasokotea tumbaku. "Mwenye swali aniulize mimi," alitamba, "sura hiyo nimeivuta yote!" Kilichobaki kiliishia kwenye swali: kusahau kuna faida gani?

Vita vikaja, mwalimu akaitwa jeshini. Asubuhi ya kuondoka nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikamng'ang'ania shati. Jibu ni nini?

"Mimi hiyo sura niliisoma kabla haijavutwa," akasema. "Wewe bahatisha. Nikirudi nitakusimulia."

Nikabahatisha machungani, nikabahatisha nikiteka maji. Vita vilipokwisha, magari ya jeshi yalipita barabarani, watu wakiimba na kupunga matawi, mimi nikitafuta uso mmoja tu. Hakurudi. Jamani, upweke ule! Kijiji kizima, na hapakuwa na hata mtu mmoja wa kuniambia kwamba nimekosea.

Nakala hii ya mnadani ni nzima. Usiku uleule nilisoma hadi kwenye swali, nikafunua ukurasa. Nikakuta orodha ya maneno, kuanzia A mpaka Z, halafu jalada. Nikafunua tena, labda kurasa zimegandana. Wapi!

Kumbe sura yenyewe haijawahi kuandikwa. Alikuwa nayo mwalimu peke yake, akaondoka nayo.