Siku Nilipofunga Mgongoni Kisanduku cha Ndege

Aibu hii naisema kwa mdomo wangu mwenyewe kabla Auma hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi.

Ilikuwa wakati ule wa wanajeshi, kitu kikianguka kutoka juu unafunga mlango na kunyamaza, kwa hiyo jioni tuliposikia mngurumo ukikatika upande wa kinamasi, hapa kijijini kwetu Kwapa, kila mtu aliinamia chakula chake. Asubuhi nikakuta mkia wa ndege ndogo kwenye shamba langu la wimbi (mkia tu, kama wa samaki aliyekatwa), na ndani kisanduku cha rangi ya machungwa chenye waya mrefu. Nikajiambia hii ni redio, na redio Busia haikosi mnunuzi. Sikujiuliza sehemu nyingine ya ndege iko wapi.

Nikakifungua boliti kwa kisu cha mihogo, nikafanya kama tulivyofanya wanawake wa mpakani na kahawa ya magendo: nikakifunga mgongoni kwa leso kama mtoto, nikakivisha kofia ya sufu, nikashika njia ya Busia.

Sokoni Auma, mwenzangu wa kuuza mihogo, akanizunguka.

"Dada, huyu wa lini tena?"

"Mjukuu," nikasema (mimi, ninayechapa watoto kwa uongo!).

"Mjukuu ana pembe?"

Waya ulikuwa umetoboa kofia.

Kabla sijamjibu, ndege nyingine ndogo ikatokea, ikazunguka juu yetu, ikaenda, ikarudi. Soko zima likaingia chini ya meza. Mimi nikakimbilia nyuma ya duka la nyama, nayo ikazunguka huko huko, nikajua inanitafuta mimi. Halafu ikaja Landrova ya wanajeshi, pamoja na mzee mwenye ile ndege iliyopotea na fundi wake, aliyevaa vitu masikioni na kushika chuma kama mifupa ya samaki. Fundi akapita watu wote, akasimama nyuma yangu.

"Wewe mama, unabeba nini?" mwanajeshi akauliza.

"Mtoto, afande. Amelala."

"Hajalala," fundi akasema. "Analia tangu jana."

Akanivika vile vitu masikioni. Jamani! Sauti ilikuwa inashuka, inashuka, inaanza tena juu, haipumui hata kidogo. Nimetembea nayo njia nzima nisisikie kitu, na mtu aliye mawinguni ameisikia!

Mzee akawaka. "Si nilisema? Wakubwa wanatulazimisha kufunga madude haya kwa bei ya ng'ombe, na uzito wake ningebeba dawa. Sasa limetuleta kwa mama wa mihogo!"

"Halikudanganya, mzee. Ndege ikianguka linalia ili tulifuate, nalo limesema lilipo," fundi akasema, kisha akanigeukia. "Mama, ulilitoa wapi? Rubani yuko huko."

Rubani! Mtu mzima amelala kinamasini usiku kucha, na mimi nimebeba kilio chake mpaka sokoni, nimekivisha kofia. Nikamwambia mwanajeshi, "Nipige baadaye, afande, kwanza washa gari." Sijui nilipata wapi mdomo huo. Akawasha.

Tulimkuta kwenye mafunjo, hatua chache kutoka shamba langu, mguu umevunjika, midomo imekauka, lakini yu hai. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Niliisikia ndege asubuhi inakuja kwangu. Mbona iligeuka ikaenda upande wa Busia?"

Mwanajeshi aliangalia viatu vyake.

"Ni mimi," nikasema.

Mzee hakutaja bei tena. Alikichukua kile kisanduku, akakipakata njia nzima mpaka hospitali Tororo, kofia bado iko juu yake.

Nasikia wenye ndege ndogo bado wanabishana kama kinafaa gharama yake. Mimi shule sikusoma, lakini kile kilio nilikisikia. Wakifunge, tena kwa boliti isiyofunguka kwa kisu cha mihogo. Na kitu kisicho changu sikifungi mgongoni tena, na hata mjukuu wangu wa kweli akinyamaza sana huko nyuma, nasimama njiani, namshusha, nasikiliza.