Alama Saba kwenye Ramani ya Ziwa Letu

Nilirudi kutoka ng'ambo na diploma ya uchoraji ramani, na katika ofisi yetu ya ramani, mtaa wa Posta, hakuna aliyenikaribia kwa utulivu wa mkono. Sikubebwa na mtu. Ada ya shule niliichuma kwa kupasua kuni za watu. Kwa hiyo mkuu wangu alipotakiwa kutoa ramani za wilaya za ziwani kwa ajili ya shule za msingi, ya kwetu alinikabidhi mimi.

Ufuko, visiwa, mito na vilima nilivitoa kwenye picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Hapo sikukosea hata kwa unene wa unywele. Lakini ndege haijui mahali watu walipoombea mvua, wala haiwezi kutofautisha kaburi la mtemi na kichuguu. Nami niliondoka nyumbani nikiwa mdogo. Basi kila nilipotoka kazini nilikatiza Mnazi Mmoja hadi Kariakoo kwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akiuza dagaa wa ziwani pamoja na wazee wenzake watatu wa kwetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, bwana ramani. Leo tunafukua kaburi gani?"

Wenzake walicheka, nami nikacheka nao. Mjomba alisawazisha dagaa juu ya gunia, akachora ghuba kwa kidole. Jiwe la mvua hapa, mashariki ya mto. Tanuri la wahunzi wa kale huku, nyuma ya kinamasi. Makaburi ya watemi kule kilimani.

"Nasema uongo, jamani?"

"Kweli tupu!" walijibu, na mmoja akaapa kwamba babu yake alizikwa palepale.

Nilipoondoka walinifungia dagaa kwenye gazeti, bure. Kwa wiki kadhaa ilikuwa hivyo, mpaka nikapata alama saba, nikazichora kwa wino mweusi na kuandika jina langu kwenye kona ya chini.

Zilikuwa zimebaki siku mbili ramani ipelekwe kupigwa chapa, mwalimu mmoja wa kike kutoka kwetu alipofika ofisini kufuata vitabu. Aliinama juu ya meza yangu, akacheka hadi akashika kiuno.

"Kaka, jiwe la mvua umelivusha mto lini? Na watemi wetu umewazika penye josho la ng'ombe?"

Nilimwomba aangalie zote. Hata moja haikuwa mahali pake. Mtu akisahau hukosea moja au mbili, hakosei saba.

Siku hiyohiyo nilimfuata mjomba, nikamweleza aliyoyasema mwalimu. Hakubisha. Aliendelea kupepeta dagaa.

"Mwaka juzi watu wa serikali walikuja na karatasi," alisema. "Kila kilichoandikwa kikahamishwa. Nyumba ya mama yako ilikuwa na namba kwenye karatasi ile. Leo analala wapi?"

Nilijua. Alilala kwenye kijiji kipya, mwendo wa nusu siku kutoka ziwani.

"Hii ni ya watoto wa shule, mjomba!"

"Na ile walisema ni ya kutuletea shule."

"Ungeniambia basi. Mimi si wenu?"

"Wetu kabisa. Mgeni tungempa dagaa bure?"

Wazee wakacheka, kicheko kilekile cha siku zote. Hicho ndicho kilichonikata zaidi kuliko uongo wenyewe. Mimi, niliyedhani nimekaa kati yao, nilikuwa ndiye ninayechekwa.

Mwalimu alikuwa ameniandikia mahali sahihi pa alama zote nyuma ya stakabadhi ya vitabu. Kurekebisha kungenichukua asubuhi moja, na mjomba angejua nani mwerevu. Nilikaa mezani na kalamu mkononi, wino ukakaukia kwenye ncha. Nilikuwa nikimfikiria mama na namba yake. Mwishowe nikachukua wembe, kama tunavyofanya wachoraji tukikosea, nikakwangua alama moja moja mpaka saba zikaisha. Stakabadhi nikaichana.

Mkuu aliishika ramani kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndugu, wilaya jirani wana mapango, wana makaburi. Kwenu hakuna historia?"

"Hakuna, mkuu."

Ilipigwa chapa hivyo. Huko nyumbani ilitundikwa madarasani miaka mingi, ufuko wake hauna kosa, nchi yake tupu, jina langu chini.

Dagaa nilianza kununua soko la Buguruni, kwa bei kamili.