Mafuta ya Ufuta kwa Goti la Mama

Sogea nikusimulie, hasa wewe ambaye nyumbani una mtu anayeshika ukuta kila anaponyanyuka kitini. Jana nilipasha mafuta ya ufuta jikoni, na harufu yake, tamu kidogo kama karanga zinazokaribia kuungua, ikanirudisha mtaa wa Berea, katika jiji la ugenini tulikohamia, ghorofa ya nne, kwenye chumba tulichopanga mimi na Mama nilipokuwa na miaka kumi.

Mama alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na goti lake la kulia ndilo lililotulisha. Mwaka ule likaanza kualika kama bawaba kavu. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa kabla hatujahamia, basi Mama alipanda ngazi kidato kimoja kimoja, akipumzika kila ghorofa na kujifanya anasalimia majirani. Kwaya ya kanisani ilikuwa imempa kazi ya kushona magauni ya vitenge ya Pasaka. "Goti likigoma, tumekwisha," nilimsikia akisema. Alikuwa akiiambia cherehani, si mimi.

Ndipo tulipokwenda Kensington, mtaa mwingine wa jiji lile, kwa Bi Sarla, mama mzee wa Kihindi aliyeuza viungo vya chakula karibu na roboti, yaani taa za barabarani. Mama hakujua Kiingereza, au hivyo ndivyo nilivyoamini, na mimi ndiye niliyemtafsiria. Bi Sarla alinieleza bila haraka. Katika Ayurveda, tiba ya kale ya kwao, maumivu kama yale husemwa kuwa yanatokana na vata, upepo mkavu wa mwilini unaokausha viungo, na ukavu hutulizwa kwa mafuta na vuguvugu. Akanipa chupa ya mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na manjano na tangawizi. Niiweke ndani ya maji ya moto, kisha nisugue kwa kuzungusha kiganja, polepole.

"Vuguvugu," alirudia. "Si moto."

Jioni ya kwanza Mama alicheka. "Haya si mafuta ya chapati? Kwetu, dawa yenye haiwashe, hiyo ni mchuzi tu!"

Alikuwa anatania. Mimi nikachukua kama agizo.

Kesho yake, Mama akiwa amekwenda kupima waimbaji, nilitwanga pilipili kavu kutoka kwenye kopo alilotumiwa na dada yake Bukavu. Nikaitia kwenye mafuta, nikayabandika moja kwa moja jikoni mpaka yakatoa moshi. Yalipopoa kidogo nikavaa mfuko wa plastiki mkononi, maana Mama mwenyewe alinifundisha kwamba pilipili haishikwi kwa mkono mtupu. Jioni nikampaka. Vidole vyake vilikaza kwenye ukingo wa kiti na macho yakamjaa maji.

"Inauma, Mama?"

"Inafanya kazi, maman," alisema, akiniita kama kwao wanavyowaita mabinti. "Paka."

Nilipaka jioni tatu. Siku ya nne hakuweza kukanyaga cherehani. Goti lilikuwa limevimba, ngozi imetoka malengelenge, na gauni moja lilibaki chini ya sindano likiwa na mkono mmoja.

Tulirudi kwa Bi Sarla. Alitazama goti, akainusa chupa, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyetia pilipili humo. Nikamgeukia Mama.

"Anauliza kama umepata nafuu."

Mama alinitazama. Kisha akajigonga kifua na kusema, kwa Kiingereza ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake, kwamba ni yeye. Yeye ndiye aliyeongeza.

"Eish, mtu mzima kama wewe!" Bi Sarla alimkaripia, akanyoosha kidole kuelekea kliniki. Goti lenye kidonda au lililovimba, alisema, halipakwi mafuta yoyote. Mama aliinamisha kichwa akapokea karipio lote.

Pasaka ile kwaya iliimba kwa mishono miwili, kwa sababu nusu ya vitambaa vilipelekwa kwa fundi mwingine. Mama aliimba nao akiwa ameketi, wenzake wamepiga magoti. Ngozi ilipopona, tulianza upya kama tulivyoelekezwa. Goti halikuwa jipya tena, lakini asubuhi lilikubali kukunjika, na sauti ya cherehani ikarudi, yenye vituo vingi.

Kwa miaka mingi nilidhani aliusema uongo ule kuniokoa na aibu. Mpaka nilipokuwa na jiko langu ndipo nikaelewa. Mwanamke aliyelelewa na pilipili ya Bukavu angeinusa kabla sijafungua mfuniko. Alijua tangu jioni ya kwanza ya pilipili. Aliliacha goti lililotulisha liungue kuliko kuusukuma mkono wangu. Sisemi alifanya vyema. Natamani hata leo angeuvuta mguu na kunipigia kelele.

Kwa hiyo, ukienda kumpaka mtu wako, pasha chupa ndani ya maji ya moto, usiibandike jikoni. Vua chochote ulichovaa mkononi. Dondosha tone moja upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako mwenyewe, usubiri. Kama hapachomi, ndipo uguse goti lake.