Chokaa Iliyobaki

Ujinga nilioanza nao ni huu: nilipaka chokaa mawe ambayo ukoo mzima ulikuwa umekubaliana kutoyaona. Harufu ya chokaa mbichi ikinipata popote, narudi kijijini Nshamba, Desemba ile nikiwa darasa la tano, tumetoka mjini Bilele kwenda kusafisha makaburi kabla katekista hajaja kuyabariki. Makaburi yetu yako kibanjani, kati ya migomba na mibuni. Babu kawekewa vigae kama bafu la hoteli, na baba yake babu ana msalaba mrefu kuliko mlango. Chini kabisa, karibu na shimo la kuivishia ndizi za pombe, yalikuwepo mawe yaliyopangwa kwa urefu wa mtu aliyelala. Chokaa ilikuwa imebaki kwenye ndoo, nami sikuzaliwa kuacha chokaa ibaki salama. Nikayapaka, nikachora msalaba, nikachomeka na ua.

Baba mkubwa alipoyaona alinivuta sikio mpaka nikadhani nitasikia meli za bandari ya Kemondo.

"Nani kakutuma? Huyo aliyelala hapo ni omuzana, mjakazi. Alinunuliwa akaletwa hapa kufagia. Paka tope juu ya chokaa yote hiyo. Mtumwa habarikiwi pamoja na wenye ukoo."

"Mtoto wa mjini huyo," shangazi akasema huku akimenya ndizi. "Kesho atamjengea kuku kaburi."

Wakacheka. Nikachota tope. Hapo ndipo mama aliponipokonya ndoo, yeye aliyeolewa tu pale, na kwetu mke wa ukoo hafungui mdomo kwenye mambo ya makaburi.

Sasa niko kidato cha tatu. Likifika somo la utumwa, darasa zima humgeukia rafiki yangu ambaye babu zake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, kana kwamba minyororo imo kwenye begi lake. Tunaandika insha kali, tunapata alama nzuri, tunaenda kula. Nyani haoni kundule. Hakuna anayeuliza nani kwetu alinunua, wala aliyenunuliwa amelala kwenye kibanja cha nani. Mimi siku hizo hugoma kugeuka. Huwa naisikia ndoo ikitua chini, na mama akimwambia baba mkubwa, bila kupandisha sauti:

"Paka mwenyewe, shemeji. Ukimaliza, mwonyeshe katekista mama aliyemzaa marehemu baba yenu amezikwa wapi."